Sakafu Aliyoichora Mama kwa Vidole

"Haya, fanyeni." Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda ndani ya nyumba ya mama yangu, juu Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, asubuhi ya ukungu, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Mpwa wangu Deo alikuwa amechutama mbele yangu akinionyesha picha kwenye simu. Zilikuwa picha za nyumba nyeupe ndani kama sahani: sakafu ya marumaru inayong'aa, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, sofa za kijivu, mlango wa kioo.

"Mjomba, bibi atakaa humu kama malkia," aliniambia. "Wewe toa neno tu. Kazi yote niachie mimi."

Kwa wasiotujua Waluguru, niseme kidogo. Kwetu nyumba na shamba hufuata upande wa mama. Mwanamume anaoa, anazaa, analima mpaka mgongo unapinda, lakini ardhi ni ya ukoo wa kikeni, na mwenye sauti ya mwisho ni mjomba. Deo ni mtoto wa dada yangu Foska. Ana maduka Dar es Salaam, ana gari, ila hakuwa na ruhusa ya kung'oa hata ufito mmoja wa nyumba ile mpaka mimi, mjomba wake, niseme. Foska, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na mama na kumtunza, alisimama mlangoni na ungo wa maharage. Jana yake alikuwa ameniambia, "Kaka, mimi siwezi kumkatalia mwanangu, amekuja na moyo mweupe. Wewe ukikataa, mimi niko nyuma yako." Nilijua anachotaka. Nikatoa neno jingine.

Sitamlaumu Deo katika maandishi haya. Alileta alichodhani ni kizuri. Mwenye kujua kuwa si kizuri nilikuwa mimi, maana mimi ndiye niliyekulia juu ya sakafu ile.

Enzi zetu nyumba haikuwa kitu cha kutazamwa. Nasema na ninyi wenzangu mliokua mkioga kwa maji ya kwenye kata na kulala watoto wanne mkeka mmoja, kila mmoja akivuta blanketi upande wake. Ninyi mnajua. Nyumba ilikuwa kitu cha kuguswa. Ya kwetu ilikuwa ya miti na udongo, dirisha dogo kama kitabu kilichofunguliwa, paa la nyasi kwanza, baadaye bati. Ukiingia kutoka kwenye jua hukuona chochote kwa muda, ukasimama hapo kama mbuzi aliyepotea mpaka macho yazoee. Lakini pua ilikuwa imeshafika. Ilikuambia kuna maharage jikoni, kuna mahindi ya mbegu darini yananing'inia juu ya moshi, kuna udongo mbichi, maana yake leo mama amesiriba.

Mama yetu, Anastazia, alisiriba kila Jumamosi. Udongo mwekundu alichimba kwenye kingo za kijito chini ya shamba, mweupe alitoa mbali, njia ya misheni, akabeba kichwani. Aliuchanganya na majivu yaliyochekechwa, akaukanda kwa miguu kama anayecheza ngoma, kisha akapiga magoti na kuupaka kwa kiganja, akirudi nyuma kidogo kidogo mpaka mlangoni. Na kabla haujakauka, alichora kwa vidole vyake.

Hapo ndipo palipokuwa na siri ya nyumba yetu. Chumba cha mbele alikichora nusu duara nyingi zilizolaliana, kama magamba ya samaki. Njia ya kwenda jikoni aliichora mistari minne iliyonyooka, upana wa vidole vyake, toka mlangoni hadi kwenye mafiga. Chumba cha kulala alikiacha laini kabisa, ila kizingitini aliweka tuta dogo la udongo, la kuvukwa kwa unyayo. Pembeni mwa mtungi wa maji alidonoa kwa ncha za vidole, vishimo vishimo. Wajukuu wangu wakisikia hivi wanasema, "Kumbe bibi alikuwa msanii!" Hakuwa msanii. Alikuwa mwanamke mwenye watoto sita na koroboi moja. Alitaka mtoto akiamka kukiwa na giza ajue yuko wapi bila kumwamsha mtu. Ukimwuliza, "Mama, mtungi uko wapi?" alijibu kutoka kitandani, "Usiniulize mimi njia ya humu ndani. Iulize miguu yako."

Tukafanya mchezo. Nadhani hakuna watoto wengine duniani waliocheza mchezo ule, na kama wapo basi mama zao walitoka Uluguru. Siku za mvua, na mvua ya kule si ya saa moja, tulifungana macho kwa kanga ya mama. Unazungushwa mara tatu, unaburutwa huku na huko, unaachiwa. Kisha wote kwa pamoja: "Uko wapi?" Unapapasa kwa nyayo. Magamba ya samaki: "Niko mbele!" Mistari: "Niko njiani!" Vishimo: "Mtungini!" Foska hakukosea hata siku moja. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu lakini miguu yake ilikuwa na akili kuliko kichwa changu. Mimi nilikuwa nachungulia chini ya kanga. Mama aliwahi kunikamata. Hakunichapa. Alinifunga upya, akakaza mpaka masikio yakauma, akasema, "Kaloli, ukizoea kuchungulia, siku macho yakikataa utakaa chini ulie."

Tuliondoka nyumbani kwenda shule ya misheni miguu peku, kila mtu na kuni moja kwapani kwa ajili ya jiko la mwalimu, umande unaosha miguu mpaka magotini, viazi viwili vya moto mfukoni. Viazi vile vilikuwa na kazi mbili: kwanza kupasha vidole, halafu kuliwa. Tukirudi tumelowa, meno yanagongana, mama hakuuliza habari za darasani. Alisogeza kuni kwenye jiko la nje, kibanda cha uani, moto ukaamka, tukakaa kuuzunguka, mgongo kwenye ukuta wake. Ukuta ule ulishika joto. Ulikuwa kama mgongo wa mnyama mkubwa aliyelala. Ugomvi wote wa njiani uliisha pale. Nimeona watu wakigombana kwenye sebule zenye viti vya ngozi, kila mmoja kona yake na simu yake. Sikumbuki hata siku moja tuliyogombana tukiwa tumeegemea ukuta ule.

Mjukuu wangu Neema anasoma chuo, anajifunza mambo ya kupamba nyumba. Yupo nami hapa Kihonda, mjini Morogoro. Juzi amenikalisha chini kunifundisha.

"Babu, unajua rangi ya ukuta inaweza kumfanya mtu awe na huzuni?"

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Na mwanga. Na sakafu. Yaani chumba kinaingia kichwani kwa mtu. Kuna watu wanaumwa kwa sababu ya nyumba tu."

"Mmegundua lini?"

"Babu bwana! Si juzi juzi tu hapa."

"Basi mpelekee mwalimu wako salamu. Mwambie bibi mzaa babu yako alikuwa anafundisha somo hilo kila Jumamosi, amepiga magoti, na ada ilikuwa ndoo ya maji kutoka kijitoni."

Akacheka akasema mimi ni mkali kinoma. Sijui kama ni sifa au tusi, nimepokea.

Sasa msinielewe vibaya. Najua mtakachosema: mzee huyu anapenda umaskini. Hapana. Moshi ule ulituchoma macho. Funza tuliwatoa miguuni kwa pini tukilia. Masika bati lilivuja na mama akapanga sufuria chini kama anayeuza vyombo mnadani. Mimi nilikuwa wa kwanza kushangilia lilipofika bati, wa kwanza kununua taa ya chemli, na hiyo nyumba yangu ya Kihonda ni ya tofali na saruji, ina choo ndani na sioni aibu. Ninachokataa, na nitakikataa mpaka nifukiwe, ni kuambiwa kwamba kila kilichokuwa cha udongo kilikuwa ujinga. Kwamba nyumba nzuri ni ile inayofanana na ya jirani, na ya jirani inafanana na ya kwenye simu. Nimeingia nyumba za vijana wetu hapa mjini: zote zina ua lilelile la plastiki kwenye meza ileile ya kioo, na mtoto anakatazwa kukaa kwenye kochi kwa sababu wageni hawajaja. Wageni wenyewe hawaji.

Lakini nimeanza kuwasema vijana, na kosa si lao. Turudi kwangu.

Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya karani wa stoo kiwandani hapa Morogoro. Baba alipofariki, wenzangu wa kazini walipanda mlima kuja kunifariji. Walivaa viatu vilivyopigwa rangi. Mmoja wao, tulipokuwa tunaingia ndani, alitazama chini akanong'ona kwa mwenzake, si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Kumbe karani wetu ametoka vumbini." Ninaandika haya nina miaka sabini na minne na maneno yale bado yana moto. Siku ile nilitazama sakafu ya mama yangu, magamba ya samaki aliyoyachora alfajiri huku akilia kwa ajili ya mumewe, nikaona vumbi. Ndipo nilipoanza kuchungulia kwa macho ya watu wengine.

Mama alizidi kuzeeka. Alipofika kwenye themanini na kitu, presha ya macho ilimchukua kidogo kidogo, jicho la kushoto kwanza. Hospitali walisema tumechelewa, haiwezekani tena. Nililia mimi, yeye hakulia. Alirudi nyumbani, akavua ndala mlangoni kama kawaida, akaingia, akaenda moja kwa moja mtungini akanywa maji. Foska alishika kazi ya kusiriba kila Jumamosi, na mama akakaa kwenye kigoda akimwelekeza: "Mistari yako inapinda leo. Una mawazo gani?"

Miaka sita aliishi hivyo, haoni kitu, wala hashikwi mkono. Aliamka, akavuka tuta lake, akafuata mistari minne hadi kwenye mafiga, akachochea moto, akaweka chai. Siku moja alikuja katekista mpya kumsalimia. Hakuwa ameambiwa. Alinyoosha miguu yake mirefu katikati ya njia akiongea habari za michango ya jumuiya. Mama akaja na birika la moto, akasimama hatua moja mbele yake. "Mgeni, kunja miguu. Hapo pana barabara." Yule bwana akakunja miguu haraka. Baadaye Foska alipomwambia kuwa yule mama haoni, alikataa katakata. "Haoni? Mbona ameniona?" Tulicheka wiki nzima. Mama alicheka kuliko sote, anajipiga mapaja.

Mama alikuwa mtu wa kuimba. Aliimba nyimbo za kanisani na za mavuno, akachanganya zote kwenye sufuria moja. Kuta za udongo ziliimeza sauti yake vizuri, ikatoka laini, ya karibu, kama anakuimbia wewe tu.

Nyumba hiyo ndiyo niliyoitolea neno.

Nikamdanganya pia. Sikumwambia tunabadilisha nyumba. Nilimwambia, "Mama, tunatengeneza paa, linavuja. Twende Kihonda kwangu miezi miwili." Akakubali, mjomba wa ukoo amesema. Hapa Kihonda alipata shida mwanzoni, lakini alijua yuko kwa mwanawe na alinijua kwa kukohoa tu. "Kaloli, umevuta tena sigara." Alipapasa kuta akajifunza njia ya chooni kwa kuhesabu hatua. Kila siku aliuliza, "Wameshaziba?" Nami nikajibu, "Bado kidogo, mama."

Siku ya kumrudisha, Deo alitengeneza sherehe. Mchana mweupe, majirani wamejaa uani, vigelegele, mbuzi anachomwa. Nyumba ilikuwa nzuri, nakiri. Niliingia kwanza mwenyewe nikaona uso wangu kwenye sakafu. Nilifurahi. Nilitamani yule mwenzangu wa kiwandani afufuke aje atazame chini tena.

Mama akafika mlangoni. Akavua ndala. Akanyoosha unyayo wake mbele kama alivyofanya miaka yote, akauweka chini. Akasimama. Akausogeza kushoto, akausogeza kulia. Vigelegele vikaendelea kidogo, kisha vikakatika.

"Kaloli," alisema, "hapa ni wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani?"

Watu wakacheka, wakadhani ni utani, maana mama alikuwa na utani. Deo akasema kwa furaha, "Kwako bibi! Sasa unaishi kama wazungu!" Mama akainama, akaweka kiganja chake chote juu ya marumaru, akakiacha hapo. "Kuna maji yamemwagika?" akauliza. Ilikuwa ni ule ubaridi. Hakuna aliyecheka tena. Foska alitoka akaenda kukaa kwenye jiko la nje, kibanda cha zamani ambacho mafundi hawakukigusa. Nilimwona kupitia mlango wa kioo, kichwa amekilaza kwenye magoti. Mimi nilibaki nimemshika mama mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mkono ndani ya nyumba yake.

Yaliyofuata hayakuja kwa kishindo. Wiki ya kwanza aliteleza karibu na sofa. Hakuvunjika, lakini tangu siku ile alikataa kutembea bila kushikwa. Kila mahali chini palikuwa sawasawa, laini, baridi, bila neno. Mafiga yalikuwa yameondolewa, badala yake jiko la gesi, halina harufu ya kumwonyesha upande. Na sauti ikaharibika. Marumaru chini, jipsamu juu, chumba kikubwa baada ya kuvunja ukuta wa jikoni, basi kila neno lilirudi. Alianza wimbo siku moja, wimbo ukamjibu kutoka darini. Akanyamaza. "Kuna watu wengine humu?" aliuliza. "Nani ananiigiza?" Foska akamweleza. Hakuimba tena.

Kisha akawa mgeni. Sijui niandike vipi jambo hili. Mama yangu, mwenye nyumba, aliyekuwa akimwambia katekista akunje miguu, alianza kuomba radhi. "Samahani, wenye nyumba, naomba kwenda msalani." "Ahsanteni kwa chakula, mmejisumbua." Alikunja kanga zake akazifunga kitita, akakiweka pembeni yake kwenye sofa la kijivu, mkono juu yake, kama mtu anayesubiri basi. Foska akikifungua usiku kuziweka kabatini, asubuhi mama anakifunga tena. "Nipelekeni nyumbani," alikuwa akisema kwa upole. "Wenyewe watatuchoka."

Wengine waliniambia ni uzee, akili zimeenda. Huenda. Lakini miezi miwili kabla yake, Kihonda, alikuwa anahesabu hatua za chooni na kunigombeza kwa sigara. Sitakubali kubebeshwa faraja hiyo.

Foska ndiye aliyenipigia simu. "Kaka, njoo na jembe." Nikapanda mlima. Tulichimba udongo palepale kijitoni alipochimba mama, tukachekecha majivu, tukaukanda kwa miguu, vikongwe wawili tunashikana tusianguke, tunacheka na kulia. Hatukumwuliza Deo, wala hatukuwa na ujasiri wa kuvunja marumaru zake, jambo ambalo pia ni kosa langu. Tukasiriba juu yake. Foska akachora magamba ya samaki chumba kizima, mistari hadi pale mafiga yalipokuwa. Ikapendeza. Tukaiacha ikauke, tukamsubiri mama aamke usingizi wa mchana.

Udongo haushiki kwenye marumaru. Fundi yeyote angetuambia. Ulipokauka ulipasuka na kujiinua vipande vipande, kingo juu, kama maganda ya muwa. Mama akaweka unyayo, ukavunjika chini yake kwa sauti ya kuumiza. Akaweka mwingine, ukavunjika. Akarudi nyuma. "Nimevunja vyombo vya watu," alisema. "Jamani, nimevunja vyombo vya watu." Tukafagia. Foska alifagia, mimi nilizoa. Tulijaza ndoo tatu.

Ndiyo maana leo mkinicheka hamnipati. Mwaka jana nilichukua chumba changu hapa Kihonda, nikatindua saruji yote kwa nyundo, siku tisa, mgongo umekufa, nikashindilia udongo ulioletwa na Foska kwenye viroba kutoka Mgeta. Nimesiriba kwa mikono yangu. Mkwe wangu alidhani nimepatwa na kitu kichwani. Jirani huleta watu dirishani: "Njooni mwone, mzee amerudi porini!" Shikamoo zao napokea, kicheko chao napokea, kisha naingia ndani, navua viatu. Magamba yangu yamepinda, Foska anasema yanafanana na nyayo za bata. Lakini nikiyakanyaga asubuhi kifua kinafunguka. Neema amekuja kupiga picha aonyeshe chuoni. Nimemwambia apige, ila kwanza afunge macho atembee. Amefunga kwa kanga. Nikamwuliza, "Uko wapi?" Akapapasa kwa nyayo. "Babu," alisema, "niko karibu na kitanda chako." Alikuwa sawa.

Na Deo amerudi mwezi uliopita, shikamoo mjomba, zawadi mkononi. Anataka lile jiko la nje livunjwe papatikane nafasi ya gari. Ni kibanda cha mwisho chenye ukuta ulioshika migongo yetu.

"Hapana," nilimwambia.

"Mjomba, limechakaa, limebaki aibu tupu pale."

"Hapana."

"Mbona nyumba ulikubali?"

"Ndiyo maana nakataa jiko."

Alikasirika, akaniambia nimezeeka vibaya. Kisha akauliza kama bibi aliteseka kwa sababu yake. Nikamwambia hapana, kwa sababu yangu. Wewe uliuliza, mimi ndiye niliyejibu.

Enzi zetu mtoto akifungwa macho alijua yuko wapi, maana kuna mtu alipiga magoti kila wiki kumwandikia njia. Siku hizi tuna taa kila kona, hata ndani ya kabati, na nawaona watu wazima wamekaa katikati ya mwanga huo hawajui waende upande gani. Hilo mtalitafakari wenyewe. Mimi nimalizie langu.

Mama aliishi miaka miwili kwenye nyumba ile mpya. Siku ya mwisho nilikuwa pembeni yake, asubuhi, jua limegonga marumaru mpaka macho yanauma. Nilimwita. Sauti yangu ikazunguka chumbani ikamfikia kutoka pande zote. Akageuza uso akitafuta, akatabasamu tabasamu la adabu, lile la wageni. "Ahsante, baba," alisema. "Mmenitunza vizuri. Sitakaa sana, mwanangu Kaloli anakuja kunichukua anipeleke nyumbani." Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akanipigapiga kiganja kunituliza. "Atakuja tu," alisema. "Mvua ndiyo inamchelewesha."

Nje hapakuwa na mvua. Neno langu moja lilifanya hivi: mama yangu alikufa mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe, akinisubiri nije kumpeleka nyumbani, nami nilikuwa nimemshika mkono.